Paa la Tatu

Habari ya kifo cha Yusufu ilinifikia Malukhu, nyumbani kwa mdogo wangu Masaba, siku aliyotualika wote kula chakula cha mchana kwa sababu binti yake amefaulu mtihani. Tulikuwa mezani. Kulikuwa na matoke, na kulikuwa na maleewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ambayo sisi watu wa mlimani tunayaweka mbele ya nyama. Simu ililia, mtu akanieleza kwa maneno machache, nikamshukuru. Mutonyi, anayenifuata kwa kuzaliwa, akauliza, "Nani, Dada?" Nikasema Yusufu wa Jinja amefariki. "Yusufu yupi?" Nikasema ni mtu niliyefanya naye kazi zamani. Masaba akasema Mungu amlaze mahali pema, kisha akamsogezea Kakai, kitinda mimba wetu, bakuli la mchuzi. Baadaye akasimama, kama anavyofanya kila tunapokutana, akawaambia watoto kwamba baada ya wazee kufa ndugu walitaka kutugawa kama mbuzi wa mahari, na kwamba Dada Khainza alikataa, akatushika pamoja, na wala hakumtupa mtu. Watoto wakapiga makofi. Nami nikatabasamu, kama nilivyozoea. Usiku huo sikuandika kitu, wala kesho yake. Lakini sasa Yusufu hayupo, na yule tuliyemwita Injinia alimtangulia miaka mingi, na waliokaa kwenye kile kikao wamezeeka au wamekufa. Nimebaki mimi kuusema mwaka ule ulivyokuwa.

Sitaeleza wazazi wetu walikufaje. Miaka ile ya tisini kila ukoo ulikuwa na makaburi yake mapya na maneno yake ya kuyafunika. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimeacha shule darasa la saba, na nyuma yangu walikuwepo watatu: Mutonyi miaka kumi na minne, Masaba kumi na mmoja, Kakai saba. Baba mdogo wetu alikuja mwezi wa kwanza wa mwaka ule, akakaa kwenye kiti, akamaliza chai yake yote kabla ya kusema. "Nakupa mpaka likizo ya Agosti," akaniambia. "Ukiwa na nyumba, kaa nao. Usipokuwa nayo, Mutonyi anakwenda Nakaloke kwa shangazi yenu akauze sokoni, kijana anakwenda Tororo kuchunga, na huyu mdogo kuna mwalimu Busia anatafuta msichana wa kazi." Kakai alikuwa amekaa miguuni pake akichezea kamba za viatu vyake. Nikamwuliza baba mdogo, msichana wa kazi wa miaka saba atafanya kazi gani. Akasema, "Atakua."

Wakati huo nilikuwa nauza maleewa Nakaloke siku za soko. Nilikuwa nimejijengea kibanda cha kukaushia na kuuzia, na kwa kuwa mabati sikuwa nayo, nilikijenga kwa mianzi yenyewe. Kila jikoni kwetu pana uchaga juu ya meko, machipukizi yanalazwa hapo yashike moshi. Mimi niliweka chaga tatu, moja juu ya nyingine, na juu ya kila uchaga paa lake dogo, kila moja likiwa jembamba kuliko la chini yake, na kati ya paa na paa nafasi ya kiganja. Moshi ulipanda ukatoka, mvua iliteremka kutoka paa hadi paa na haikuingia. Mianzi ya mapaa niliipasua katikati, nikailaza mmoja kifudifudi na mwingine chali, ikashikana kama vigae. Siku moja gari lilisimama na mwanamume mnene wa Jinja akashuka kununua mahindi. Hakununua mahindi. Alisimama chini ya kibanda changu na kichwa chake kimeinama nyuma mpaka kofia ikamwanguka.

Huyo ndiye Injinia. Halmashauri ya mji wa Jinja ilikuwa imempa kazi ya kujenga banda la kupumzikia watu katika bustani ya umma kando ya mto, na alikuwa hajui alijengeje. Alitaka kitu ambacho wageni wangekipiga picha. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kwetu, cha kuokoteza. "Hii nani alichora?" Nikamwambia haikuchorwa. "Nani alijenga?" Mimi. "Wewe nataka nini kwa kunijengea hii, kubwa?" Ninakumbuka kwamba sikusema pesa. Nilisema nyumba. Akacheka, lakini siku ya tatu baada ya hapo alinipeleka Mpumudde, upande wa pili wa Jinja, akanionyesha vyumba viwili vya matofali nyuma ya duka lake, vyenye sakafu ya simenti na dirisha la vioo lenye kioo kimoja tu kilichovunjika. "Banda likisimama siku ya kufungua, hivi vyako. Utakuwa fundi yangu, utakaa na watoto yako." Nikasema ni wadogo zangu. "Ni moja tu," akasema.

Kwanza alitaka mfano mdogo wa kuwaonyesha wakubwa. Niliutengeneza katika stoo ya nyumba yake, kwa vijiti vya mwanzi vilivyopasuliwa na nyuzi za mgomba: mapaa matatu, nguzo nane, kila nguzo fungu la mianzi sita iliyosimama juu ya jiwe ili mchwa wasipande. Nguzo za katikati zilipita paa la kwanza na la pili mpaka zikabeba la tatu, kama mtu aliyebeba mtoto shingoni. Siku ya kuuonyesha palikuwa na wageni wanne. Mfano uliwekwa mezani katikati ya vyakula, nami nikatumwa jikoni kukaa na mpishi. Mlango ulikuwa wazi. Walizungumza Kiganda, wakidhani mtu wa mlimani hakisikii. Mmoja akauliza, "Ni yule msichana aliyebuni?" Injinia akasema, "Abuni nini? Hajui hata kushika kalamu. Nimebuni mimi. Yeye ana mikono tu." Mwingine akasema, "Hao Wagisu si wanakula mianzi? Mchunge, asije akala jengo." Walicheka sana, na yule mpishi akacheka pia, kisha akaniona akaacha. Aliniletea sahani yenye mifupa ya kuku iliyobaki mezani. Niliila. Nilikuwa nimeshaviona vile vyumba, na mtu aliyeona nyumba anaweza kula chochote.

Yusufu alikuwa msimamizi wa mafundi. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani za Waingereza, mtu mrefu mwenye kanzu siku za Ijumaa na ovaroli siku nyingine. Vibarua walimwita Jeshi. Hakuwahi kushika bunduki, lakini miaka ile mtu wa kabila lake hakuhitaji kushika kitu. Watu waliyakumbuka yale ya utawala wa kijeshi wakimtazama yeye. "Jeshi, leo umeua wangapi?" walimwuliza kila asubuhi. "Bado nachagua," alijibu, akaendelea kupima kamba. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote pale, na mimi nilikulia katika kota za askari magereza, alikofanya kazi baba, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mapenzi pia, basi tukawa tunakaa pamoja saa ya chakula. Mke wake alimfungia kisra, mikate laini myembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia katika bakuli lililofunikwa kwa kawa ya rangi. Tangu juma la kwanza bakuli lilikuja na chakula cha watu wawili. "Kula, binti," alisema. "Mtu anayejenga nyumba ya wadogo zake hali mifupa." Sijui nani alimwambia habari ya mifupa.

Mwezi wa pili tulikwenda naye mlimani kukata. Nilimfundisha yale ninayoyajua, ambayo kwetu kila mtoto anayajua: mwanzi hukatwa kiangazi, mwezi ukiwa unapungua, kwa sababu wakati wa mvua umejaa maji matamu na dumuzi, wale wadudu wa kutoboa, wanaufuata. Mwanzi mchanga una unga mweupe kwenye ngozi, na ukiugonga kwa panga unaitika kama tumbo la mtu aliyeshiba. Uliokomaa una madoa ya ukungu, na sauti yake ni kavu. Ukiukata, usiulaze, uegemeze kwenye wenzake na majani yake yote, majani yatanyonya maji yaliyobaki mpaka yakauke yenyewe. Kisha moshi. Yusufu aligonga mianzi kwa siku nne, sikio limelala kwenye shina kama daktari, na siku ya tano alikuwa hakosei. Jioni nilimweleza habari za wadogo zangu. Nilimweleza kwamba Kakai anaogopa radi na hujificha chini ya meza akihesabu vidole, kwamba Masaba anaiba sukari, kwamba Mutonyi hajalia tangu mazishi. Alisikiliza. Mimi nilisema sana mwaka ule, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Tulipata mianzi ya kutosha mapaa yote matatu. Tuliiweka moshini mlimani wiki sita, ikageuka rangi ya asali, ikaletwa Jinja kwa lori na kupangwa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya Injinia. Mwezi wa tano tukaanza kusimamisha. Nguzo zilisimama, paa la kwanza likakaa, na wapita njia wakaanza kusimama. Paa la pili lilipokaribia kwisha nilikwenda kuhesabu mianzi ya paa la tatu, nikakuta turubai limelala chini. Sikuhitaji kutafuta mbali. Mbele ya nyumba ya Injinia palikuwa na baraza jipya la kunywea bia, refu, zuri, rangi ya asali.

Siku tatu baadaye lori lilileta mianzi mingine. Ilikuwa bado na unga mweupe. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mikato. Ilikuwa imekatwa wakati wa masika, na mingi haikuwa imefikisha miaka miwili. Nilimwendea Injinia pale pale kwenye bustani, mbele ya vibarua, na hilo lilikuwa kosa langu. Jambo kama lile huambiwa mtu faraghani. Nikamwambia, "Bwana, mianzi hii haiwezi kukaa juu. Ikikauka itasinyaa, kamba zitalegea, na dumuzi wataila. Ile ya baraza ndiyo ya huku."

Injinia akachukua karatasi ya mchoro, ile aliyochorewa na kijana wa ofisini kwake kutokana na mfano wangu, akanipa. "Soma." Ilikuwa Kiingereza. Nilisoma neno la kwanza na la pili. La tatu lilinishinda. "Soma," akasema tena. Vibarua walikuwa wameacha kazi. Nilisimama na ile karatasi. "Darasa la saba," akawaambia. "Mamalaya ya soko ya Nakaloke, leo nafundisha injinia." Walicheka, si wote. Kisha akainama karibu, akasema taratibu, karibu kwa upole, "Mgeni mkubwa nakuja wiki mbili. Banda haiko tayari, mimi nakosa kazi. Mimi nikikosa kazi, wewe nakosa vyumba. Sasa niambie tena kuhusu mianzi."

Sikumwambia tena. Nilikwenda kwa Yusufu nikamwambia tuanze paa la tatu. Aliokota mwanzi mmoja, akaugonga, akausogeza sikioni. Hakuwa akifanya mzaha. "Binti, hii mibichi. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Funga tu."

"Watu watakaa chini yake."

"Najua watakaa."

"Mimi sifungi," akasema. "Mwambie aje afunge yeye."

Nikamwambia kwamba Agosti inakuja, kwamba yule mwalimu wa Busia ameshatuma gauni la Kakai. Nilisema hivyo nikijua ninachokifanya, kwa sababu kwa miezi mitano nilikuwa nimemwekea yule mtoto moyoni kipande kwa kipande. Yusufu akapanda ngazi, na alifunga vizuri, kamba mbili mahali pa moja, na kila fundo alilikagua. Sikupata kuona paa lililofungwa vizuri kuliko lile.

Banda lilifunguliwa. Hata sasa nasema lilikuwa zuri. Ulipokaa chini yake saa sita mchana na kutazama juu, mwanga uliingia kati ya paa na paa ukiwa umegawanyika, na upepo wa mtoni ulipanda kupitia mapaa matatu, ukatokea juu kabisa ukipiga mluzi mdogo. Mgeni mkubwa alimpa Injinia mkono. Mimi nilisimama nyuma, pamoja na wapishi. Agosti, Injinia, ambaye katika hili hakunidanganya, alinipa funguo, na wadogo zangu wakaja Mpumudde juu ya lori la vitunguu, wamekalia godoro. Kakai alikimbia kutoka chumba kimoja hadi kingine mara nyingi, akifunga mlango na kuufungua. Alikuwa hajawahi kuwa na mlango wake. Jioni ile Mutonyi alilia kwa mara ya kwanza, akiosha vyombo.

Mwezi wa kumi unga wa dumuzi ulikuwa ukianguka kwenye mabega ya watu waliokaa bandani, laini kama unga wa muhogo. Niliuona. Yusufu aliuona, akaniambia tukaiambie halmashauri ifunge njia kwa kamba. Nikasema tungoje. Mwezi wa kumi na moja, mvua kubwa ya mchana, watu walijibanza humo, na paa la tatu likateleza kutoka kwenye mafundo yake kama kofia inavyoteleza kichwani, likapita paa la pili na kumwangukia mwanamke aliyechoma mahindi pembeni. Lilimvunja nyonga, na jiko lake likapinduka mapajani mwake. Nilimfahamu kwa sura. Hakufa, ila hakutembea tena bila kuegemea mtu.

Halmashauri iliitisha kikao. Siku moja kabla, alasiri, Injinia alikuja Mpumudde. Aliwaletea watoto mkate na sukari, akakaa juu ya kitanda changu, akatazama kuta. "Vyumba nzuri," akasema. "Watoto napenda?" Nikasema wanapenda. "Shule iko karibu." Nikasema iko karibu. "Kesho nauliza wewe nani alichagua mianzi. Si mimi, mimi ni mtu wa karatasi. Si wewe, wewe ni mtoto ya mlima, unajua mianzi, hawawezi amini." Akasimama, akamshika Masaba kichwani. "Mtu iko. Kila mtu naamini kitu yoyote juu yake." Hakulitaja jina. Mpaka leo naweza kuapa kwamba hakulitaja.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, chupa za soda, na dirisha linalotazama maegesho. Watu watano walikaa upande mmoja. Yusufu aliwekwa nje kwenye benchi, na mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, aliniuliza kwa Kiswahili cha heshima, "Mama, nani alichagua mianzi ya juu?" Nilikuwa nimelala macho usiku kucha nikitafuta namna ya kusema bila kusema. Nilifikiria kusema sijui. Lakini fundi akisema hajui, wanauliza tena, na la pili ndilo linaloharibu. Nikasema, "Yusufu." Akauliza, "Yule askari wa zamani?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo juu ya mtu ambaye hakuwahi kuwa askari. Akaandika. Mmoja wa wale watano akasema, si kwangu, "Watu hawa, hata mianzi wanaitumia kuua." Hakuna aliyecheka. Heri mtu angecheka.

Nimewasikia watu wakisema kwamba mtu hufanya jambo kama lile akiwa amepofuka, kwamba hofu humwondolea akili. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Niliona kila mtu mahali pake, Kakai na mlango wake, Yusufu na benchi lake, nikachagua. Na ningeulizwa tena kesho yake, ningesema vilevile. Hilo ndilo linalonitisha ninaposikia makofi nyumbani kwa Masaba: si kwamba nilifanya, ila kwamba sijapata kuona lingine ambalo ningefanya na bado wakawepo pale mezani, wote watatu, wakila.

Walimweka Yusufu kituo cha polisi siku tatu. Siku ya nne, mchana, nikiwa napika nje, nilimwona amesimama kwenye kona ya duka. Jicho moja lilikuwa limefumba na mkono wake wa kulia, aliofungia mafundo, alikuwa ameuweka ndani ya kanzu. Nilisimama. Nilidhani atanipiga, na nikatazama watoto walipo. Hakusogea karibu. Watoto walikuwa wakicheza kamba uani, naye akawatazama.

"Hawa ndio wale," akasema.

"Ndiyo."

"Yule ni Kakai. Bado anahesabu vidole kukiwa na radi?"

Nikasema siku hizi haogopi sana.

"Alhamdulillahi." Alisema bila kejeli, nilitafuta kejeli na sikuipata. "Nilikusikia, binti. Ule mlango ni mwembamba. Ulisema bila kukwama." Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau kununua sokoni, "Mimi wa kwangu ninao sita. Mwaka mzima tumekula sahani moja, hukuniuliza hata siku moja."

Akageuka akaenda, polepole, akishika ukuta wa duka mpaka ukuta ulipokwisha. Nilitaka kumwita nimwulize majina yao. Sufuria ilikuwa inachemka, na watoto walikuwa hawajala. Nikainama, nikakoroga.